Mofini na Kinga ya Mwili

Twaulizwa na wasomaji wa Kahororo na Muleba: je, ni haki kumpa mgonjwa wa saratani mofini kwa miezi mingi, ilhali yasemwa kwamba dawa hiyo hudhoofisha kinga ya mwili?

Neno hilo si uzushi. Chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, zinayo mahali pa kupokea mofini. Nayo ikizidi kuzifikia, hulegea katika kumeza vijidudu. Matumbo nayo hupooza, bakteria wakapata njia ya kupenya. Lakini mengi ya hayo yameonekana katika wanyama wa maabara. Kwa wanadamu hayajathibitika sawasawa. Tena maumivu makali yenyewe, pamoja na kukosa usingizi, hudhoofisha kinga ile ile. Hili waiogopao mofini hulisahau.

Kijana ajidungaye heroini ni habari nyingine, maana sindano za kuazimana humletea Ukimwi na homa ya ini. Kwa ajili ya hao Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya jamaa ile ile, ila hunywewa mbele ya mhudumu.

Papa Pio XII aliwajibu waganga mwezi Februari 1957 kwamba yaruhusiwa kutuliza maumivu kwa dawa hizi hata zikifupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na mgonjwa hazuiliwi kutimiza wajibu wake. Ikiwa hilo lavumilika, sembuse hatari ya homa? Mwana amnyimaye mamaye dawa aliyoandikiwa, ili kuilinda kinga ya mwili unaokwisha, twaona amekosea hesabu. Yampasa amwulize mama mwenyewe, kisha mganga, homa ikija itatibiwaje.