Kupanda Mlima wa Moto ni Fardhi ya Nani?

Miongoni mwa masuala ambayo waumini hupenda kuyapitia juujuu, kwa kudhani kwamba hayawahusu, liko hili: je, inamjuzia mwanadamu, ambaye roho yake ni amana tu aliyokabidhiwa, kuupanda kwa hiari yake mlima anaojua fika kwamba ndani yake mna moto, akasimama ukingoni mwa kasoko yake na kuchungulia chini? Wako waonao kuwa huo ni ujuba mtupu, na wako waonao kuwa ni ibada. Na mimi, baada ya kuzisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, nimefikia rai ya tatu, ambayo nataka kuieleza hapa bila ya haraka, kwa kuwa naona inawapasa hata watu wakaao mbali na moto huo.

Sisi wa Kasapa, hapa Lubumbashi, tu mbali nao kweli. Ardhi yetu ni nyekundu, imetandaa, na juu yake hapana kilichoinuka ila miti ya miombo, majengo ya chuo kikuu, na vichuguu vya mchwa ambavyo vingine hushinda nyumba kwa kimo. Mlima wetu wa pekee uko mjini Lubumbashi, nao ni kazi ya mikono: lundo jeusi la mabaki ya shaba, lililopandishwa mwaka baada ya mwaka kando ya lile bomba refu la moshi la kiwanda kilichokuwa cha Union Minière na baadaye kikawa cha Gécamines. Wazee husimulia kwamba usiku, mabaki hayo yalipokuwa yakimwagwa yangali ya moto, mbingu ya upande ule iligeuka nyekundu, na watoto wakatoka nje kutazama. Lakini moto ule ulikuwa na saa zake za kazi na wasimamizi wake. Ulipotakiwa uliwashwa, na kazi ilipokwisha ukazimwa. Nadhani ndiyo sababu mtu wa Katanga, akipata habari za mlima uwakao wenyewe, swali lake la kwanza huwa ni nani aliyeuwasha, na kwa ajili ya kosa gani.

Tunayo milima ya namna hiyo katika nchi yetu ya Kongo, kule Kivu, nami nitaifikia. Ila ule ambao ningependa tuanze nao uko kisiwani, katika nchi ya Komoro, kwa ndugu zetu ambao lugha yao na yetu ni matawi ya shina moja. Nao ni mlima Karthala wa Ngazidja. Nauchagua huo kwa sababu kule haiwezekani kuutenga mlima na makazi ya watu. Kisiwa chenyewe ni mlima: zaha iliyopanda kutoka chini ya bahari ndiyo iliyofanya ardhi ya kukanyaga, ya kulima na ya kuzikia wafu. Karthala, yenye kimo cha mita 2,361, imeshika takriban theluthi mbili za kisiwa upande wa kusini, na Moroni, mji mkuu, pamoja na misikiti yake na bandari yake, umekaa chini yake upande wa magharibi. Mtu hawezi kusema pale kwamba neema iko huku na moto uko kule.

Njia moja ya kupandia hutokea Mvuni, juu ya Moroni. Mwanzo ni mashamba ya migomba. Kisha huingia msitu wenye ukungu, ambamo matawi yamevaa kuvumwani na udongo huteleza. Kisha miti hufupika ikawa vichaka vya majani magumu membamba, na hatimaye hata vichaka hupungua, yakabaki majivu, changarawe nyeusi iliayo chini ya kiatu, na mawe makali ambayo mtu akijishika kwayo asipate kuanguka huinua kiganja chenye damu. Juu kabisa ardhi hukatika ghafula, na chini ya ukuta wake hutokea uwanja mpana, wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani ya uwanja huo shimo liitwalo Chahale. Humo mlikuwamo ziwa la maji. Lakini Aprili 2005 mlima ulipolipuka, maji yalitoweka, na pahali pake pakachukuliwa na zaha. Asimamaye hapo huisikia nafsi yake ikipungua, na wengi waliosimama hapo wamesema kwamba walimkumbuka Mwenyezi Mungu bila ya kukumbushwa na mtu.

Wapingao safari hizi wana hoja mbili ambazo haifai kuzidharau. Muislamu hukumbusha kwamba Qurani imekataza watu kujitia kwa mikono yao katika maangamizi. Na Mkristo hukumbusha jinsi Yesu alivyokataa, pale juu ya kinara cha hekalu, kumjaribu Mungu kwa kujitupa chini. Na kwa hakika wapo wapandao ambao wanastahili kuambiwa maneno hayo, wale ambao hawatafuti juu ya mlima ila sifa za kurudi nazo, na ambao ria imewajaa hata wakamkaidi mwongozaji anapowaambia kwamba upepo umegeuka na hewa ya kiberiti inawajia. Hao sina la kuwatetea.

Hata hivyo hoja hizo mbili zimejengwa juu ya dhana moja ambayo si kweli, yaani kwamba hatari iko juu na salama iko chini. Mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka Karthala iliua watu 17. Mwaka 1977 zaha haikutokea kileleni. Ilipasua ubavu wa mlima huko chini, upande wa kusini magharibi, ikaingia katika kijiji cha Singani na kuteketeza nyumba za watu ambao hawakuwa wamepanda popote. Na Novemba 2005, mlima ulipolipuka tena, ulikuja msiba wa aina nyingine. Ngazidja haina mto utiririkao mwaka mzima, kwa kuwa mawe yake ya zaha yana matundu na mvua yote huzama. Kwa hiyo watu hujenga birika kando ya nyumba, na paa la bati huteremsha mvua humo. Majivu yalipoanguka usiku yalianguka juu ya mapaa, yakafuata mifereji, yakaingia birikani. Aliyefunua birika lake siku zile ili ateke maji ya udhu au ya kupikia, alikuta juu ya maji utando wa kijivu, na chini tope zito. Huyo hakujitia katika maangamizi kwa mkono wake. Alikuwa nyumbani kwake, na maangamizi yakamfuata mpaka kwenye kata ya maji.

Hapo ndipo linapoingia jibu jingine, la zamani na lenye kupendwa, kwamba mlima ni hakimu. Katika nchi za Maziwa Makuu, waliofuata dini ya jadi ya Ryangombe waliamini kwamba roho za waliotawazwa hukaa juu ya mlima Karisimbi, penye ubaridi na raha, na roho za wasiotawazwa hutupwa katika mlima wa moto wa Nyiragongo, kule Kivu, ziungue. Imani hiyo imepungua nguvu, ila mantiki yake imebaki, ikahamia midomoni mwa wahubiri. Alhamisi ya 17 Januari 2002, zaha ya Nyiragongo iliteremka ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, ikaacha zaidi ya watu laki moja bila ya makao, na wako waliotangaza kwamba mji umeadhibiwa kwa dhambi zake. Lakini zaha ile ile iliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Anayesema kwamba moto ulitumwa kuwatafuta wenye dhambi, na atueleze madhabahu ilikuwa na kosa gani, na watoto wachanga waliobebwa migongoni kukimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamevunja amri ipi. Mimi rai hii naiona ni dhuluma, tena ni dhuluma mara mbili: inamzulia Mungu jambo ambalo hakutuambia, na inamwongezea aliyeunguliwa nyumba mzigo wa aibu.

Vitabu vyenyewe havisemi hivyo. Musa alipoomba kumwona Mola wake, aliambiwa autazame mlima. Na Mola alipojidhihirisha kwa mlima, ukavunjikavunjika, naye Musa akaanguka amezimia. Maana yake ni kwamba mlima, kwa ukubwa wake wote, haukuweza kustahimili. Nao ni kiumbe kama sisi. Eliya naye, alipokuwa Horebu, ulipita upepo, likapita tetemeko, ukapita moto, na katika vyote hivyo Bwana hakuwamo. Basi apandaye Karthala au Nyiragongo akidhani kwamba atamkuta Mungu ndani ya shimo, amekosea. Na akaaye chini akidhani kwamba shimo hilo ni mdomo wa Mungu, amekosea vivyo hivyo. Mlima ni kiumbe kilichowekewa tabia zake, na kiumbe chenye tabia hujulikana kwa kufuatwa na kuchunguzwa.

Sasa naweza kuitaja rai yangu. Wanazuoni wa Kiislamu wametenga faradhi namna mbili: ile inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, na ile iitwayo fardhi kifaya, ambayo wakiitimiza baadhi wengine husamehewa, na wasipoitimiza wote huwa na hatia. Maiti akikosa wa kumwosha, kumsalia na kumzika, dhambi si ya jirani mmoja, ni ya mtaa mzima. Kuupanda mlima wa moto ulio juu ya vichwa vya watu nakuona kuwa kumo katika namna hii ya pili. Lazima awepo mtu wa kupanda. Vyombo vya kupimia mitetemo ya ardhi havijipandishi vyenyewe. Hewa itokayo katika nyufa sharti ikusanywe na mtu aliyeziinamia. Ufa mpya wa ukingoni sharti uonwe, ingawa siku hizi setilaiti husaidia sana. Haroun Tazieff, ambaye aliwahi kuwa mhandisi katika migodi ya bati hapa Katanga, alifika Kivu mwaka 1948 akashuhudia mlipuko wa Kituro, na akapanda Nyiragongo akaliona ziwa la zaha likichemka ndani yake. Na kazi ya watu wa namna yake ndiyo iliyofungua njia ya elimu tuliyo nayo leo. Goma ilipata kituo chake cha kuchunguza volkano mwaka 1986, na Karthala ikapata chake miaka michache baadaye, na mafundi wa vituo hivyo wamepanda kwa miguu wakiwa na betri na nyaya migongoni, wakati ambapo sisi tulikuwa tumelala.

Na tazama jinsi faradhi hii inavyoachwa. Kabla ya Mei 2021, msaada wa fedha kwa kituo cha Goma ulikuwa umekoma, na kwa muda wa miezi kadhaa habari za vyombo vilivyo mlimani hazikuweza kupokewa, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kulipia intaneti. Jumamosi ya tarehe 22, jioni, zaha ilitoka ubavuni mwa Nyiragongo bila ya watu kuonywa, ikafika karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Watu wapatao 30 walikufa. Sisemi kwamba fedha zingeuzuia moto, wala kwamba onyo lingepatikana bila shaka. Nasema kwamba fardhi kifaya iliachwa, na kwamba hatia yake haikai Goma peke yake.

Itaulizwa, na huyu msafiri ambaye hana chombo wala elimu, apandaye ili atazame tu? Simkatazi. Kuyatafakari maumbile ni jambo lililosifiwa, na moyo uliopata kunyenyekea juu ya Chahale si moyo wa kubezwa. Ila nadhani yumo katika deni tangu hatua ya kwanza, kwa kuwa anapanda kwa njia iliyofyekwa na wengine, mzigo wake uko kichwani mwa kijana wa kijijini, na uhai wake umo katika macho ya mwongozaji. Amlipe kijana huyo haki yake kamili. Atii akiambiwa ashuke. Na mlima ukifungwa na wenye mamlaka asiupande kabisa, maana atakayefuatwa akipotea hafi peke yake. Zaidi ya hayo, asiyasahau mabirika: aliyeona shimo la moto na hakuuliza watu wa chini wanakunywa nini, tafakuri yake imeishia nusu ya njia.

Nawageukia vijana wanaosoma elimu ya mawe hapa Kasapa. Wengi wenu mtaitwa na kampuni za shaba na kobalti, nanyi mtakwenda, wala hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu wazazi wenu wameuza mengi ili mfike hapa. Lakini watoke miongoni mwenu wawili watatu katika kila darasa, waende Goma, na wengine wavuke bahari mpaka Moroni, wakajifunze kuupanda mlima kwa niaba ya watu. Nasi tubakio katika tambarare hii tuwadai wabunge na mawaziri wetu fedha za vyombo na mishahara ya hao wapandao, tuzidai kila mwaka, wala tusingoje zaha ishuke tena ndipo tuanze kuchangishana nguo za msaada.