Mzigo Uliozidi na Radhi ya Wasiojulikana

Wanazuoni wetu wa pwani walizoea kuzigawa dhambi mafungu mawili: ile iliyo baina ya mja na Mola wake, ambayo toba ya kweli huifuta, na ile iliyo baina ya mja na mja mwenziwe, ambayo toba peke yake haitoshi mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au atoe radhi. Mgawanyo huu ni wa haki, na aghalabu hauna mashaka, maana aliyeibiwa mbuzi anajulikana jina lake na nyumba yake, na mwizi wake, akitaka kutubu, anaujua mlango wa kupigia hodi. Mashaka huanza pale dhulma inapowapata watu wasio na hesabu, kila mmoja kwa kiasi kidogo asichokihisi, na wengine miongoni mwao hawajazaliwa bado. Nami sijui mahali ambapo mashaka haya hudhihiri zaidi kuliko katika kazi ya kuchukua chuma cha kusubu kutoka gatini Dar es Salaam na kukipeleka bara kunakojengwa miradi ya maji.

Shehena hii ina tabia ya pekee. Maji ya miji mingi ya bara, kama ile inayohudumiwa na mradi wa miji 28 uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, hayasafiri pasina vyuma vizito: mabomba, vali za kufungia na kufungulia maji, viungo vya kona na vya njia tatu, na mifuniko ya mashimo ambayo kila mmoja, pamoja na fremu yake, huwatoa jasho wanaume wawili wenye nguvu. Bomba moja la kipenyo cha milimita 600 na urefu wa mita 6 huzidi tani moja. Walakini bomba lina uwazi ndani yake, na tela hujaa mabomba makubwa kabla uzito haujaufikia mpaka wake. Hatari imo katika vali, viungo na mifuniko. Mita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ina zaidi ya tani 7, hata lau tani 30 zingemiminwa ziwe bamba moja juu ya sakafu ya tela yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 2 na nusu, kimo cha bamba hilo kisingetimia shubiri. Basi mwenye mali, aliyezoea kuyaona malori ya mahindi yaliyopakiwa mpaka turubai likafura, hulitazama gari lake akaliona tupu, akahesabu nafasi ile iliyobaki kuwa ni hasara, na akamwamuru mwenye kreni aongeze makreti mengine.

Na hapo ndipo chuma kinapomnyima mtu udhuru. Mwenye kupakia mchanga aweza kusema kwamba ulinyeshewa njiani, na mwenye magogo aweza kusema kwamba yalikuwa mabichi kuliko alivyokisia. Lakini vali ilitoka kiwandani na uzito wake, uzito huo ukaandikwa katika hati, na hati ikapita mikononi mwa wakala wa forodha, karani wa ghala na dereva, wala mvua ya Morogoro haiongezi hata ratili moja. Aliyezidisha chuma amekusudia.

Zamani mzigo uliozidi ulikuwa na mdomo. Mpagazi aliyetwishwa pale Bagamoyo aliujua uzito kwa bega lake kabla ya mzani wowote kuutamka, na ukimshinda alinung'unika, akautua, au akatoroka usiku na kumwachia tajiri wake hesabu za kufanya. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipokuwa akijitayarisha kuondoka pwani mwaka 1874 na mashua yake Lady Alice iliyoundwa kwa vipande, aliona vipande vile ni vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi vikatwe na kupunguzwa. Na bwana yule, ambaye hakusifika kwa upole, sidhani kwamba alifanya hivyo kwa ihsani, bali kwa kuwa mzigo usiobebeka haufiki. Chombo cha bahari nacho kina namna yake ya kushitaki, kwa kuwa kikizidishiwa huzama pamoja na watu wake, na ni kwa ajili ya mabaharia waliokufa hivyo ndipo Samuel Plimsoll alipopiga kelele katika bunge la Uingereza mpaka sheria ya mwaka 1876 ikaamuru meli ichorwe alama ubavuni, ili kila aliye gatini aone kama imepakiwa kupita kiasi. Hata mnyama, asiyejua kusema, hupiga magoti. Na al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoziorodhesha kazi za muhtasibu, yule afisa wa masoko na mizani, hakusahau kumpa amri ya kuwazuia wenye vyombo wasipakie kiasi cha kuhatarisha, na wenye wanyama wasiwatwishe wasichokiweza.

Tazama basi jinsi lori lilivyoubadilisha mwenendo wa mambo. Injini haina bega; hunguruma kidogo zaidi ikipanda Kitonga, dereva akashusha gia, na mzigo ukafika. Aliyeumia ni barabara, na barabara haina mdomo. Wahandisi wa Marekani, katika majaribio makubwa waliyoyafanya karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, baina ya mwaka 1958 na 1960, waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara zilizojengwa makusudi ili ziharibiwe, wakapata kanuni ambayo kwa maoni yangu ingestahili kusomwa na kila fakihi: kwamba madhara hayaongezeki kwa kadiri uzito unavyoongezeka, bali, kwa kukadiria, kwa kipeo cha nne cha uzito ule. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, aliyepakia hudhani amezidisha sehemu moja katika tano, ilhali ameidhuru lami zaidi ya maradufu. Na ikibebeshwa 20, madhara ni mara 16. Naye haoni kitu. Lami haipasuki chini ya gurudumu lake, bali huchoka kwa siri, kisha katika masika ya mwaka mwingine, yeye akiwa ameshalipwa na kusahau, maji huingia katika nyufa, shimo likafunguka baina ya Mikese na Mikumi, na atakayeangukia humo ni basi la abiria, au kijana wa pikipiki anayerejea kwake magharibi.

Serikali za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa barabara haiwezi kusema, zimeipa msemaji, nao ni mizani. Sheria ya Jumuiya imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na ikawekea kila ekseli mpaka wake, hata gari ambalo jumla yake ni halali laweza kukamatwa kwa kuwa kreti za vali zimerundikwa mahali pamoja. Ndiyo maana dereva mjuzi hukaa na watu wa kreni tangu mwanzo, akaonyesha kila kreti iketi juu ya ekseli ipi, akataka mbao na kabari chini yake kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza, na akaikaza minyororo kwa mkono wake, asimwachie utingo. Kutoka bandarini mpaka Makambako, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, atapimwa Vigwaza, atapimwa Mikese, na tena mbele.

Katika Kurani, sura iliyopewa jina la chuma, aya ya 25, Mwenyezi Mungu ataja kwamba aliwapeleka Mitume pamoja na Kitabu na mizani ili watu wasimamishe uadilifu, na papo hapo, katika aya ile ile, ataja kuteremshwa kwa chuma chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Wafasiri wengi wamekifahamu chuma hapo kuwa ni silaha inayoilinda haki, nami sina elimu ya kuwapinga. Ila naona kwamba manufaa yamo pia, na kwamba chuma na mizani vimetajwa pamoja.

Lakini mizani ya barabarani hupima ekseli, haipimi nia. Mwenye kupakia sawasawa kwa kuogopa tozo ya mzigo uliozidi amefanya jambo jema ambalo hatujui thawabu yake. Hilo ni lake na Mola wake. Anayenishughulisha mimi ni yule mfanyabiashara ambaye ameshaifanya tozo kuwa gharama miongoni mwa gharama zake, kama mafuta na matairi, akapiga hesabu kwamba tani za ziada zitamlipa kuliko atakavyotozwa, kisha akalala usingizi akidhani kwamba amenunua ruhusa. Tozo huenda ikaziba shimo. Haikumnunulia radhi ya mtu, kwa sababu aliyeipokea si aliyedhulumiwa, bali ni wakili wake katika sehemu ndogo ya haki, na wakili hana mamlaka ya kusamehe mguu uliovunjika.

Ni nani, basi, wa kuombwa radhi? Al-Ghazali, katika maneno yake juu ya toba, alilikabili jambo linalofanana na hili, nalo ni mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani, na rai yake ni kwamba itolewe sadaka. Wengi hutosheka na jibu hilo, na nimesikia watu wakisema kwamba tajiri wa malori aliyejenga msikiti au kuchimba kisima ameshayasafisha yaliyopita. Nasita kulikubali. Sadaka ile iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyetafuta mwenye haki asimpate, ambapo huyu wetu hakutafuta, na anakusudia kupakia tena Jumatatu. Tena wenye haki hawakupotea hata wasipatikane: wanapita barabara ile ile kila siku, na kuna namna moja ya kuwarudishia ambayo haimhitaji kujua majina yao, nayo ni kuacha kuzidisha, hata ikiwa safari tatu zitakuwa nne na faida ikapungua. Kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika mafundisho yetu kuwa ni tawi la imani. Kuuweka kwa makusudi sijui kuhesabiwe tawi la nini.

Wapo watakaoleta hoja ya maji. Watasema kwamba mji unangoja, kwamba kina mama wanaamka alfajiri na ndoo, na kwamba kila siku ya kuchelewa kwa vali ni dhulma nyingine, basi afadhali barabara iumie kidogo. Hoja hii ina uzito, wala sipendi kuwaona watu wakiidharau kana kwamba kiu ni jambo dogo. Lakini mafakihi wana kanuni kwamba kuondosha madhara hutangulia mbele ya kuleta manufaa, na hapa hata hatuhitaji kufika huko, maana dharura inayodaiwa aghalabu si ya mwenye kiu: tarehe ya kukabidhi mradi iliandikwa na watu waliojua idadi ya tani na idadi ya magari, na kreti zilizozidi zilipakiwa ili kuokoa nauli, wala si ili maji yawahi.

Limebaki suala la dereva, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayesimamishwa mizanini na kuaibishwa, ilhali aliyeamuru yumo ofisini kwake. Akikataa mzigo, ufunguo atapewa mwingine kabla ya adhuhuri. Mafakihi wamesema mengi juu ya aliyelazimishwa. Wamemsamehe aliyetamka kufuru kwa ulimi huku moyo wake umetulia, na hawakumsamehe aliyeua mtu asiye na hatia kwa kuamriwa, kwa sababu roho yake si bora kuliko roho ya mwenziwe. Kuharibu barabara kumekaa baina ya mambo haya mawili, na kukosa kazi si sawa na kuwekewa upanga shingoni. Rai yangu ni kwamba dereva ana sehemu yake, kwa kuwa aliisoma hati na alijua. Lakini ni sehemu ya mtu mwenye watoto wanaomngoja, na kubwa yake imo katika kunyamaza kwake kuliko katika kuendesha kwake. Iliyosalia yote ni ya mwenye kalamu, yule aliyeandika idadi ya kreti akiwa ameketi kitini, bila ya kulazimishwa na mtu.