Ritani Yako, Mkono Wako

Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha. Waliusoma kweli, kifungu baada ya kifungu, waraka mkavu ambao kwa miaka mingi uliachiwa mawakili na wahasibu. Wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani na kwa Sheng. Wakabishana kuhusu ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 kwa gari. Tarehe 25 wakaandamana, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Basi niruhusu swali. Wewe uliyeweza kumweleza shangazi yako maana ya kila kifungu, ritani yako ya ushuru ya mwaka ule nani alikufailia?

Jibu nalijua, maana mwisho wa Juni ukipita Kawangware, Kisauni au Kondele utalikuta limepanga foleni mlangoni mwa saiba, duka la intaneti. Ndani yuko kijana mwepesi wa vidole. Unamtajia namba yako ya PIN, unamtajia na nywila, anabonyeza, unamlipa, unatoka na karatasi. Alichoandika hukuuliza. Mtu ambaye hata mkewe hajui namba yake ya siri ya M-Pesa amempa mgeni njia ya kuingia katika rekodi zote za mapato yake, na mwaka ujao atarudi kumwuliza mgeni huyohuyo: "Boss, hebu niangalizie, nywila yangu ilikuwa gani?"

Mwaka huu usirudi. Faili mwenyewe.

Wenzetu wa Marekani hununua programu za kampuni binafsi, kama TurboTax, ili waweze kujaza ritani zao nyumbani. Sisi programu yenyewe tunapewa bure na Mamlaka ya Ushuru, KRA: ni iTax, na iko wazi usiku na mchana. Kuanzia Januari 1 hadi Juni 30 kila mwaka unaweza kuingia na kutangaza mapato ya mwaka uliopita. Miezi sita! Sisi tunaichezea miezi mitano na wiki tatu, kisha tunalaumu mtandao kwamba uko polepole tarehe 29.

Najua unachoogopa. Unaogopa kukosea, na unadhani ukimpa mtu mwingine kazi hii basi na kosa litakuwa lake. Sheria haisemi hivyo. Ritani ni tamko lako, chini ya PIN yako. Kijana wa saiba akiandika uongo, uongo huo ni wako. Na uongo unaoandikwa sana saiba una jina: ritani ya nili. Hii ni ritani ya mtu asiye na mapato yoyote, kama mwanafunzi au anayetafuta kazi. Ni fupi kuliko zote, na ndiyo maana mwenye foleni ndefu mlangoni huipenda. Wewe umeajiriwa, mwajiri wako kila mwezi ameiambia KRA kwamba amekukata PAYE, ushuru wa mshahara, halafu wewe, kwa mkono wa mtu mwingine, unaiambia KRA hiyohiyo kwamba mwaka mzima hukupata hata shilingi. Taarifa mbili zinazogongana zimelala ndani ya mfumo mmoja. Siku utakapohitaji cheti cha kuonyesha huna deni la ushuru, ndipo zitakapoamka.

Yupo na yule ambaye hafaili kabisa. Alichukua PIN akiwa na miaka 18 ili aombe mkopo wa masomo wa HELB, akaisahau. Hana kazi, kwa hiyo anadhani KRA haina habari naye. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili, na inahesabiwa kwa kila mwaka aliouruka. Miaka minne ya chuo ni shilingi 8,000 kwa mtu ambaye hajawahi kulipwa mshahara. Msamaha wa faini za zamani, zile za hadi mwisho wa 2023, ulifungwa Juni 30, 2025. Dada, kaka, kama PIN unayo na mapato huna, ritani yako ya nili ni ya kweli kabisa na haimalizi dakika kumi. Usimlipe mtu kwa dakika kumi.

Sasa tuje kwa mwajiriwa, kwa sababu hapa ndipo woga ulipo mkubwa na sababu ya kuogopa ni ndogo. Unahitaji karatasi moja: fomu ya P9. Mwajiri anatakiwa kukupa kila mwaka, na inaonyesha mwezi kwa mwezi ulicholipwa, makato yanayoruhusiwa, na PAYE iliyokatwa. Wengi wetu huipokea kwenye baruapepe na hatuifungui. Ifungue. Chukua kalamu, ujaribu kuhesabu mwezi mmoja tu, mradi ujue hesabu inavyotembea.

Tuseme Machi 2025 mshahara wako ulikuwa shilingi 60,000. Ondoa kwanza mchango wa pensheni wa NSSF, asilimia 6, ambayo ni 3,600. Ondoa bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ambayo ni 1,650. Ondoa ada ya nyumba, asilimia 1.5, ambayo ni 900. Zimebaki 53,850, na hizo ndizo zinazotozwa ushuru. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10: hiyo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25: ni 2,083. Zilizobaki, 21,517, zinatozwa asilimia 30: ni 6,455. Jumla ni kama 10,938. Toa nafuu ya kila mlipaji, 2,400 kwa mwezi, unabaki na PAYE ya karibu 8,538. Ilinganishe na P9. Basi. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, na sisi tumeivika joho la uhasibu hadi ikatutisha.

Ukishaielewa hesabu hii, macho yako yatafunguka kwa namna ambayo hakuna mtu wa saiba angeweza kukufungulia. Utajua, kwa mfano, kwamba makato ya SHIF na ada ya nyumba yalianza kuondolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa mwishoni mwa Desemba 2024 tu, kwa hiyo P9 ya 2024 na ya 2025 hazifanani hata kama mshahara haukupanda. Utauliza pia: bima yangu ya maisha je? Sheria inakupa nafuu ya asilimia 15 ya ada unazolipia bima ya maisha au ya afya, hadi shilingi 60,000 kwa mwaka. Anayelipa bima ya 4,000 kwa mwezi ana haki ya nafuu ya 600 kila mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Na kama unalipia mkopo wa nyumba unayoishi, riba yake hadi 360,000 kwa mwaka huondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa. Mwajiri asipojua kwamba una bima hiyo au mkopo huo, atakukata kana kwamba huna. Kwenye ritani ndiko unakodai. Kijana wa saiba hatakuuliza kama una bima. Ana watu thelathini nyuma yako.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mwajiri anatakiwa kuipeleka PAYE yako KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Siku hizi iTax ina fomu rahisi ya wale wenye mshahara tu, na ukiifungua unakuta takwimu za mwajiri zimeshajazwa. Zilinganishe na P9 yako mstari kwa mstari. Zikikubaliana, shukuru, endelea. Zisipokubaliana, kama P9 inasema ulikatwa miezi 12 na mfumo unaona 9, hapo umegundua kitu: pesa iliyotoka mfukoni mwako huenda haikufika ilikotakiwa kufika. Nenda kwa mtu wa mishahara ofisini, mwulize kwa adabu, na umwulize kwa maandishi. Afadhali uligundue hilo Februari, ukiwa bado na muda wa kufuatilia, kuliko Juni 30 saa nne usiku.

Kama una mapato mengine mbali na mshahara, utatumia fomu ndefu ya Excel, na hiyo inataka kompyuta. Kwenye simu itakusumbua bure. Azima ya rafiki, au nenda saiba ukodi mashine peke yake. Ndiyo, nenda saiba! Sina ugomvi na saiba. Ukae wewe kwenye kiti. Karatasi za fomu hiyo ya Excel ni nyingi kwa kuzitazama tu. Mwajiriwa wa kawaida hugusa chache: ya taarifa za msingi, F ya mapato ya ajira, M ya PAYE iliyokatwa, na T ambayo hujumlisha yote na kukuonyesha mwishoni kama unadaiwa au unadai. Programu yenyewe hukuonyesha makosa kabla hujapakia. (Na kabla ya kukuruhusu kuingia, iTax hukupa hesabu ya kujumlisha au kutoa namba mbili. Ukiishinda hiyo, umeshaanza vizuri.) Ukimaliza, pakua risiti ya kupokelewa uiweke mahali utakapoipata, kwa sababu sheria inataka kumbukumbu zako zitunzwe miaka mitano. Na ukigundua ulikosea? Ritani hurekebishwa, mlango huo sheria imeuacha wazi, na kosa la mwezi uliopita halihitaji kukunyima usingizi.

Mwenye biashara ndogo atasema, mimi sina P9, mimi nina duka. Kwako kazi ipo mbele ya kompyuta kidogo, na nyingi iko kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema waliotutangulia, na hawakuwa na iTax. Duka linaloingiza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka laweza kulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaofailiwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Mwenye nyumba za kupangisha anayepata kodi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anatozwa asilimia 7.5 ya kodi hiyo, nayo kila mwezi tarehe 20. Kwa mwenye duka, ukichukua mauzo ya mwezi ukazidisha kwa tatu, ukagawa kwa mia, umemaliza. Kumlipa mtu kila mwezi akufanyie hesabu hiyo ni hasara juu ya ushuru.

Wahasibu wana kazi yao, na kazi hiyo ni ya heshima. Ukiwa na kampuni, ukiwa na washirika, mauzo yakifikia milioni 5 na ukaingia kwenye VAT, au KRA ikikuandikia kwamba inataka kukagua vitabu vyako, tafuta mtaalamu aliyesajiliwa na umlipe bila kinyongo. Utakaa naye ukiwa unajua maswali ya kumwuliza. Mteja anayeijua P9 yake hapunjwi kirahisi.

Kuna watakaosema: kwa nini nijisumbue kwa serikali ambayo sioni inachofanya na pesa zangu? Nawaelewa, na hasira yao sitaibeza. Lakini kipengele cha 201 cha Katiba yetu ya 2010 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na kile cha 210 kinakataza ushuru wowote usiotungiwa sheria. Haki hizo hudaiwa na mtu mwenye namba mkononi. Anayejua kwamba kwa mwaka alikatwa shilingi laki moja na elfu mbili ana swali la kumwuliza mbunge wake kuhusu barabara. Anayejua tu kwamba "wananikata sana" ana malalamiko, na malalamiko mbunge ameyazoea.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya chochote kingine, ingia iTax ubadilishe nywila. Kisha tazama baruapepe na namba ya simu zilizosajiliwa. Wapo watakaokuta ni za mtu wa saiba. Zibadilishe ziwe zako, na ikikushinda, mhudumu wa KRA kwenye Huduma Centre iliyo karibu nawe atakusaidia bila malipo. Mwombe mwajiri P9. Tenga jioni moja. Na ukishafaili, mkalishe mdogo wako mbele ya mashine hiyohiyo, umpe kiti, naye afaili yake mwenyewe.