Barua ya Hospitali Isilale Nyumbani



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi huona haya kulitaja hata mbele ya waume zao, yaani saratani ya viungo vya uzazi. Labda utasema hayo ni mambo ya daktari, si ya katekista. Lakini kumbukeni siku ya arusi yenu. Mbele ya padre na mashahidi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Ahadi ile haikuwa ya malaria na mafua peke yake.

Hapa Kenya, saratani inayoua akina mama wengi zaidi ni ile ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, zaidi ya wanawake 5,000 nchini hupatikana na ugonjwa huu kwa mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa. Jambo la kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu unaweza kuzuiwa, na ukigunduliwa mapema hutibika. Wengi hufa kwa sababu walifika hospitali wamechelewa.

Sisi tunaowatembelea wagonjwa katika jumuiya ndogo ndogo tunaziona sababu za kuchelewa huko. Mama mmoja alikuwa akitokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa. Alipopata ujasiri alikwenda zahanati, na muuguzi akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Barua ikawekwa pamoja na kadi za ubatizo za watoto. Kwanza mahindi yalipaswa kuvunwa. Halafu ikaja karo ya shule. Mama mkwe akasema hayo ni mambo ya wanawake, yatapita. Bwana hakukataa, lakini pia hakuuliza. Ilipita miezi saba. Madaktari walipompima, ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka nje ya mlango wa kizazi, na upasuaji peke yake haungetosha tena. Sasa anasafiri kwenda kupata tiba ya mionzi, na shamba lililosubiriwa livunwe limeuzwa nusu.

Ndugu zangu, bwana huyo si mtu mbaya. Ndiyo maana nawaandikia. Watu wema pia huchelewa.

Jueni basi dalili. Damu baada ya tendo la ndoa. Damu kati ya hedhi moja na nyingine. Damu yoyote, hata tone, baada ya mama kukoma hedhi. Uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha kwa dawa. Maumivu ya chini ya tumbo yasiyoondoka. Vilevile tumbo linalojaa na kuvimba kwa majuma kadhaa, na mama anashiba baada ya kula kidogo tu, kwa maana saratani ya mayai ya uzazi huweza kuanza hivyo. Damu ikitoka kwa wingi, msingoje barua wala siku ya kliniki. Nendeni hospitali saa ile ile.

Tena msichanganye mambo mawili. Wizara ya Afya inawahimiza akina mama, hasa wenye miaka 25 hadi 49, wakapimwe mlango wa kizazi hata kama hawana shida yoyote. Hilo ni jema sana. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi, kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Lakini mwenye dalili asingoje siku ya kupimwa kwa wote, wala asiseme, “Nilipimwa mwaka jana nikaambiwa ni mzima.” Dalili ina haki ya kuchunguzwa leo.

Barua ya rufaa ni nini? Wengine huiona kama hukumu ya kifo. Wengine husema muuguzi ameshindwa na kazi. Yote si kweli. Zahanati haina vyombo vya kuchunguza mpaka mwisho. Kwenye kliniki ya magonjwa ya akina mama daktari atamwuliza maswali, atampima ndani, na pengine atakata kipande kidogo sana cha nyama kipelekwe maabara. Si kila anayetumwa hukutwa na saratani. Wengine hukutwa na uvimbe wa kawaida au maambukizo tu. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama usoni.

Neno kwa akina baba. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu mara zote, na virusi viitwavyo HPV, navyo huenea kwa njia ya kujamiiana. Nyumba nyingine zimevunjika kwa habari hii, bwana akidai bibi ametoka nje ya ndoa, au bibi akimshuku bwana. Virusi hivi ni vya kawaida sana na hukaa kimya mwilini. Mara nyingi hupita miaka 10, hata 20, kabla saratani haijatokea. Kwa hiyo majibu ya hospitali si ushahidi wa uzinzi. Usimfanye mke wako mgonjwa kuwa mshtakiwa.

Neno la pili ni kwa dhamiri zenu. Wapo Wakatoliki wanaoogopa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi, wakidhani Kanisa limeukataza. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, namba 15, alieleza kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima ili kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama itajulikana mbele kwamba uzazi utazuilika, mradi uzuiaji huo sio uliokusudiwa. Basi mama mwenye saratani akishauriwa upasuaji, hatendi dhambi kuukubali. Kama bado mna shaka, mwoneni padre wenu, lakini fanyeni hivyo juma hili.

Je, tusali? Ndiyo, tusali sana. Lakini sala haichukui nafasi ya nauli. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na anamtaka mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi yake. Mwiteni padre mapema pia kwa Mpako wa Wagonjwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba sakramenti hii si ya wale wanaokata roho tu.

Mkumbukeni yule mama wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa siri, nyuma ya watu, kwa sababu ya haya. Bwana wetu hakumwacha aondoke kwa haya. Alimwita binti mbele ya wote. Mume Mkristo naye amwondolee mke wake haya. Wewe ndiwe wa kwanza kuuliza: “Mama watoto, mwili wako uko vipi?”

Barua ikifika nyumbani, fanyeni hivi. Kwanza, siku hiyo hiyo ulizeni kliniki hufanyika siku gani, mkaandike tarehe ukutani. Pili, tayarisheni barua, kitambulisho na karatasi zote za zamani. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, mkaulize hospitalini italipa nini. Tatu, baba, nenda naye. Masikio mawili yaliyoogopa hayasikii yote. Ulizeni daktari anashuku nini, ni kipimo gani kimefanywa, na majibu yatatoka lini na wapi. Nne, rudini kuchukua majibu. Wengi hupotea hapa. Tano, kama nauli haipo, iambieni jumuiya yenu. Tunachanga kwa haraka mazishini. Tuchange mapema, mtu angali hai.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, zungumzeni. Na kama kuna barua iliyowekwa kati ya kadi za ubatizo, itoeni.

Mungu azibariki nyumba zenu, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.