Bei ya Haki ni Bei Gani?



Mara nyingi waamini wanatuletea sisi mashemasi mashauri ya kununua na kuuza, na mashauri ya motokari ndiyo yenye uchungu mwingi. Sababu yake inajulikana. Motokari si kilo ya unga. Baba anaweka feza miaka mingi, mama anatoa zamu yake ya likelemba, wakwe wanaongeza kidogo, na siku moja yote inawekwa mkononi mwa muuzaji. Kama motokari inakufa mwezi wa kwanza, jamaa nzima imeanguka. Basi tujiulize: bei ya haki ni bei gani? Na muuzaji anayenyamaza juu ya ubovu anaoujua, ni mwizi ao ni mwerevu tu?

Kwanza tusimwonee muuzaji. Hapa Lubumbashi motokari nyingi za okazyo zinatoka Japani. Zinashuka kwa meli huko Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinavuka Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa: barabara ya karibu kilomita 2.000. Kuna kulipa meli, bandari, forodha na dereva. Garama hizo ni za kweli, na mtu anayefanya kazi ana haki ya faida. Hata sheria ya inchi yetu ya mwaka 2018 juu ya bei na mashindano inaacha bei za vitu vingi ziwe huru. Kama huyu analipa dola 5.000 na yule dola 5.500 kwa motokari zinazofanana, hilo peke yake si wizi. Aliyejua kubishana amebishana.

Zambi inaanza mahali pengine. Kuna watu wanaorudisha nyuma hesabu ya kilomita: motokari iliyotembea 200.000 inaonyesha 80.000. Kuna ile iliyopata ajali, ikanyooshwa na kupakwa rangi mpya. Kuna usukani pia. Japani wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani wao uko kuume. Sisi tunaendesha upande wa kuume, na mafundi wengine wanauhamisha usukani. Kazi hiyo ikifanywa vibaya, inaweza kuua watu.

Hapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui. Mmoja anauza motokari ya kilomita 200.000, mwingine ananunua ya 80.000. Midomo imepatana juu ya bei, lakini mapatano hayako, kwa sababu hawasemi juu ya kitu kimoja. Ndiyo maana ninasema: bei ya haki si lazima iwe bei ndogo. Ni bei waliyopatana watu wawili wanaojua jambo moja.

Wengine watajibu: «Hakuniuliza.» Ao watasema: «Ni artikle 15, kila mtu ajitafutie.» Wandugu, artikle 15 inaweza kumruhusu maskini kutafuta chakula chake, haimruhusu kukitoa kinywani mwa mwenzake. Na mtu asiyejua kwamba breki zimetengenezwa vibaya, ataulizaje? Watoto wakifa katika motokari hiyo, je, kunyamaza kwako kutakuwa werevu?

Lakini Walawi 25:14 inawakataza wote wawili, anayeuza na anayenunua, wasionee wenzao. Na Mezali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayekiita kitu kibaya sokoni, kisha anajisifu njiani. Tunamjua mtu huyo. Anamkuta mjane anayeuza motokari ya marehemu mume wake apate minervali ya watoto. Anajua ni ya dola 4.000, mama hajui. Anaizunguka, anatikisa kichwa, anaiita chuma tu, anatoa dola 1.500. Huyu naye ameiba, hata kama mama amekubali na kusema asante. Komisyonere aliyesimama katikati, akijua kweli na kula pande zote mbili, yuko mwizi pamoja nao.

Kuna swali gumu zaidi. Muuzaji akiwa yeye mwenyewe alidanganywa mbele yetu? Dekre ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba inasema kwamba muuzaji anajibu kwa ubovu uliofichwa, hata kama hakuujua, isipokuwa walipatana kwamba hatajibu. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa feza yake, ao kukishika na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji aliujua ubovu, analipa pia hasara iliyotokea. Lakini ubovu ambao mnunuzi angeweza kuuona mwenyewe, hauhesabiwi. Na asichelewe kudai. Kwangu mimi sheria hii ina moyo: asiyejua anarudisha alichopokea, mwenye hila anaongezewa mzigo. Kati ya wandugu wawili waliodanganywa wote, kugawana hasara kunaweza kuwa bora kuliko kushindana.

Vilevile, mkishapatana juu ya kitu na bei, kuuza kumekwisha, hata kama feza haijatoka mfukoni. Muuzaji anayepandisha bei kesho yake kwa sababu mteja mwingine amefika, anavunja neno lake.

Tufanye nini basi? Abrahamu alinunua shamba la kaburi kwa shekeli 400 mbele ya watu kwenye mlango wa mji (Mwanzo 23). Yeremia aliandika mkataba, akaweka mashahidi (Yeremia 32). Hawakuona haya. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Tazama kanyagio na usukani: vikilika sana, kilomita chache zilizoonyeshwa ni za uongo. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama R inaonyesha kwamba motokari ilipata ajali ikatengenezwa. Andikeni bei, nambari ya shasi na ubovu uliotajwa. Shauri likitokea, fuata Matayo 18: nenda peke yako kwanza, kisha pamoja na mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Akikataa yote, kwenda kwa tribinali si zambi.

Na kila mmoja, kabla ya kushika feza ao ufunguo, ajiulize: kama ningemwambia mwenzangu yote ninayojua, angekubali bei hii? Kama ndiyo, pokea na ulale usingizi. Kama sivyo, sema kwanza.

Bwana atusaidie. Amina.