Kesi Iliyosikilizwa Vuga

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii tunaitoa msibani, sokoni, hata kwenye kikao cha posa, na aghalabu anayeitoa huwa ameshamhukumu mtu moyoni. Niliyoyaona Vuga, Unguja, ni watu mamia wakiibishia kwa pamoja. Walikuwa ndani ya sinema ya Majestic, zama ambazo filamu ya Awaara ilirudishwa kila baada ya muda kwa sababu watu hawakuichoka.

Awaara ilitoka India mwaka 1951. Raj Kapoor aliiongoza na kuicheza mwenyewe, Nargis akiwa mpenzi wake, na baba yake mzazi, Prithviraj Kapoor, akacheza hakimu Raghunath. Hakimu huyu anaamini kuwa mwana wa mtu mwema huwa mwema na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo anamfunga Jagga, ambaye hana hatia ila baba yake ndiye mhalifu. Jagga anatoka gerezani na kuwa jambazi kweli. Anamteka mke wa hakimu, na akigundua kuwa ana mimba anamrudisha kwa mumewe. Hakimu anaingiwa na shaka, anamfukuza mkewe, na mtoto anazaliwa barabarani. Yule mtoto, Raj, anakulia kwenye ufukara, na anayemfundisha wizi ni Jagga huyo huyo. Basi ana damu ya hakimu na malezi ya jambazi. Mwisho wa yote baba na mwana wanakutana mahakamani, na wakili wa Raj ni Rita, msichana aliyelelewa nyumbani kwa hakimu mwenyewe.

Wengi wetu Kihindi hatukukijua. Tuliokota neno hapa na neno pale, nyimbo tukaziimba, na waimbaji wetu wa taarabu walikuwa na mazoea ya zamani ya kuchukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Lakini kesi tuliielewa, kwa kuwa ilikuwa kesi yetu. Rita alipoanza kumhoji hakimu, ukumbi mzima uligeuka baraza la mahakama. Kina mama walilia bila kuficha. Wanaume waliokaa viti vya mbele, vya bei ya chini, walimjibu hakimu kwa sauti kana kwamba anawasikia. Na stelingi alipohukumiwa kifungo cha miaka 3, niliwasikia watu wazima wakibishana kwa dhati, wengine wakisema hukumu ni ya haki kwa kuwa kosa ni kosa, wengine wakisema aliyestahili kufungwa ni baba.

Ubishi huo uliendelea nje, tukaenda nao njia nzima hadi barazani, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza sinema ni nini. Aliyenikamilishia somo ni shangazi yangu, aliyekuwa ameiona Awaara zamani, katika maonyesho ya wanawake peke yao yaliyofanywa mchana, ambapo kina mama wa Kizanzibari waliweza kwenda, mabuibui yao yakawekwa pembeni, wakakaa kwa raha. Miaka mingi baadaye, binti mmoja wa ukoo wetu alichumbiwa na kijana ambaye baba yake alikuwa amewahi kufungwa. Wazee wakakaa, na methali ya nyoka ikatolewa mapema sana. Shangazi akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kaka yake, "Kaka, leo wewe ndiye Raghunath?" Hakuhitaji kueleza zaidi, kwa kuwa kila aliyekuwemo chumbani alikuwa ameiona picha ile. Ilibidi waanze upya, wamzungumzie kijana mwenyewe, kazi yake na tabia yake. Ndoa ilifungwa.

Naamini hilo lisingewezekana kama kila mmoja wao angeiona filamu ile peke yake. Shangazi alikuwa na neno ambalo ukoo mzima ulilielewa, kwa kuwa kila mmoja wao alilia ukumbini kati ya watu na kubishana na wenzake njiani. Hicho ndicho ninachokililia ninapopita kwenye sinema iliyofungwa. Filamu yenyewe haikupotea. Awaara unaweza kuipata leo usiku kwenye simu yako. Kilichopotea ni mahali ambapo mtu alilazimika kumsikia jirani yake akicheka pale yeye alipoona uchungu, na akajiuliza kwa nini.

Majengo haya yalijengwa na watu waliotaka hasa kuwe na mahali kama hapo. Mwaka 1921 mfanyabiashara wa Unguja, Hassanali Adamji Jariwalla, alifungua hapo Vuga ukumbi wa Royal, uliochorwa na John Sinclair, Mwingereza aliyeacha alama yake kwenye majengo mengi ya mji. Jengo hilo baadaye likapata jina la Majestic, likateketea kwa moto, na mwaka 1955 likasimama upya kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule. Bara nako kila mji ulikuwa na wake: Shan Morogoro, Plaza Moshi, Metropole Arusha, Novelty Tanga. Wenye kumbi waliishi mji mmoja na watazamaji wao. Wakileta picha mbaya, walilaumiwa madukani kwao kesho yake asubuhi, na nadhani ndiyo sababu walichagua kwa uangalifu.

Na kazi yenyewe ilihitaji watu. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye projekta picha 24 kwa sekunde, na rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika kama 22. Picha ya saa tatu ni rili nyingi nzito na mtu wa kuzibadilisha bila kukosea. Ilitokea pia nakala moja ya filamu ikaonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja. Rili ya kwanza ikimalizika huku, kijana anaitia kwenye baiskeli na kuikimbiza kwenye ukumbi wa pili, ambako watu wameanza saa moja baadaye. Baiskeli ikipata pancha, watazamaji wanasubiri gizani, wanaimba, wanapiga miluzi, wanabashiri kitakachofuata. Katika kusubiri huko watu wasiojuana walianza mazungumzo, na nimewafahamu marafiki wa umri mzima waliokutana hivyo.

Sisemi kwamba kumbi zile zilikuwa pepo. Bei ya tiketi iliwagawa watu, mwenye nacho juu kwenye roshani na mchukuzi chini karibu na pazia. Ukoloni ulikuwa na wakaguzi wake waliokata wasichotaka tukione. Walanguzi walizinunua tiketi za sikukuu na kuziuza kwa bei ya kuumiza. Na kuna wasichana wengi ambao hawakuruhusiwa kwenda hata siku moja. Hata hivyo tajiri wa juu na mchukuzi wa chini walilia kwa jambo moja, kwa dakika moja, na kila mmoja alimsikia mwenzake.

Wengine husema televisheni ndiyo iliyoziua. Hapana. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingine za kusini mwa Sahara, na sinema ziliendelea kujaa. Kilichoziangusha zaidi ni kanda za video za miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni wa kuleta filamu mpya, na majengo yasiyotengenezwa. Kumbi zikageuzwa maduka, maghala, nyumba za ibada. Vibanda vya video vikachukua nafasi, na navipa heshima yao, maana humo nako watu hukaa bega kwa bega. Ila bibi yangu asingeingia kibandani, na kwa hiyo ubishi wa humo haufiki kwenye kikao cha ukoo.

Kila mwaka Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoasisiwa 1997, huwakusanya watu Ngome Kongwe chini ya anga, na ukiwaona wenyeji na wageni wakicheka kwa pamoja utajua kiu ingalipo. Lakini tamasha hupita, na mji unahitaji mahali pa Jumamosi ya kawaida. Wapo wanaopigania Majestic ifufuliwe, na mimi niko pamoja nao kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba isije ikawa ukumbi wa watalii wenye picha za zamani ukutani na kahawa ya bei ya hoteli. Yarudishwe maonyesho ya mchana ya kina mama. Watoto wapate picha yao asubuhi ya Sikukuu. Waonyeshe Awaara wiki ya kwanza, yenye maandishi ya Kiswahili chini, na vijana wa Bongo waje kuonyesha kazi zao mbele ya watu watakaowaambia ukweli papo hapo. Na viti vya mbele viuzwe kwa bei ambayo mchukuzi wa bandari ya Malindi anaweza kuimudu yeye na wanawe.