Siri ya Padri Mwema

Wengi wameililia sinema ya Romeo na Juliet, aliyoitengeneza Mwitalia Franco Zeffirelli mwaka 1968 kutokana na mchezo wa Shakespeare. Vijana wawili wa mji wa Verona, watoto wa jamaa zenye kuchukiana, wanapendana. Padri Laurence, Mfransisko, anawafungisha ndoa kwa siri. Mwishoni wote wawili wanakufa. Kosa ni la nani?

Kwanza ni la wazazi. Kwa chuki yao, mtoto hakuweza kusema kweli nyumbani kwake. Lakini tumtazame na padri. Nia yake ilikuwa njema: alitumaini kwamba ndoa hiyo itapatanisha jamaa zile. Je, nia njema yatosha?

Baba yake Juliet alipotaka kumwoza kwa mtu mwingine, padri angeweza kusema: «Binti huyu amekwisha kuolewa.» Ni kweli, neno hilo lingeleta hasira na hatari. Hakulisema. Alimpa Juliet dawa ya usingizi ili aonekane amekufa, akampelekea barua Romeo, aliyekuwa amefukuzwa mjini. Siri ya kwanza ikazaa ya pili.

Katika mchezo wa Shakespeare, mjumbe wa padri anazuiwa kwa ajili ya tauni. Katika sinema anakwenda polepole na punda wake, na Balthasar, mtumishi wa Romeo, anampita mbio juu ya farasi. Balthasar si mwongo. Ameona mazishi, naye anasema aliyoyaona. Lakini hakuambiwa siri. Basi uaminifu wake unampelekea bwana wake kifo.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mwenye kudanganya hawezi kuchagua nani atadanganyika. Padri alitaka kumdanganya baba mkali, akadanganyika mume.

Si kila siri ni mbaya. Siri ya maungamo yamlinda mwenye kuungama. Lakini ndoa ni jambo la watu wote. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru itangazwe kwanza kanisani, kisha ifungwe mbele ya paroko na mashahidi.

Wazazi wa Verona walipatana, lakini mbele ya maiti za watoto wao. Ninyi wazazi, mtoto wenu akimpenda mtu msiyemtaka, je, aweza kuja kuwaambia bila hofu? Mkimfungia mlango wa kweli, atatafuta mlango wa siri, na pengine mtu mwema atamfungulia.